Ufunguo, Chupa na Ngazi: Namna Filamu ya Taharuki Inavyogawa Siri

Mtu akiulizwa filamu ya taharuki inatambulikaje, atataja mambo yale yale: saa inayokimbilia muda wa hatari, mtu asiye na hatia anayesakwa na polisi na wahalifu kwa pamoja, adui mwenye akili kuliko wanaomfuata, nyumba yenye ngazi ndefu na mlango usiofunguliwa ovyo, muziki unaopanda taratibu, na mwisho unaopindua kila tulichoamini. Orodha hiyo si ya uongo, lakini inataja vifaa bila kutaja kazi yake. Wapo waongozaji wanaovijaza vyote katika filamu moja na mtazamaji bado akapiga miayo. Yupo pia aliyetumia ufunguo mmoja na chupa chache za shampeni, na kwa takriban miaka 80 watu wameendelea kuitazama kazi yake wakiwa wamebana pumzi. Hoja yangu ni kwamba kanuni zote hizo zinaitumikia kanuni moja iliyo kubwa kuliko zote: filamu ya taharuki hugawa habari kwa mafungu yasiyo sawa. Mtazamaji hupewa fungu lake, shujaa lake, adui lake, na hofu huzaliwa katika tofauti ya mafungu hayo. Anayetaka kujua filamu imefaulu vipi, au imeangukia wapi, aanze na swali hili: katika onyesho hili nani anajua nini, na nani bado hajajua?

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Kuna hadithi ya fumbo na kuna hadithi ya taharuki. Wasomaji wa Kiswahili wameonja zote mbili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, mpelelezi Bwana Msa hutangulia kuelewa nasi tukamfuata nyuma. Raha yetu ni kukusanya vidokezo mpaka tujue nani aliua. Katika riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, swali zito zaidi ni la mbele: mpelelezi Willy Gamba atatokaje hapa alipobanwa? Fumbo linaangalia jambo lililokwisha kutendeka, taharuki inaangalia jambo ambalo bado linaweza kuzuiwa. Mwongozaji Alfred Hitchcock aliieleza tofauti hii katika mazungumzo yake marefu na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Alitoa mfano wa watu wanaozungumza mezani huku chini ya meza kukiwa na bomu. Likilipuka bila sisi kujua lilikuwapo, tumepata mshtuko wa sekunde 15. Tukioneshwa mapema kwamba lipo na litalipuka saa fulani, maongezi yale yale ya kawaida yanatupa wasiwasi wa dakika 15. Mfano huo umerudiwa mno, na wengi huishia kwenye bomu. Kilicho muhimu ndani yake ni kwamba watu wale mezani hawajui, sisi tunajua, na hatuna namna ya kuwaambia.

Mahali pazuri pa kuiona kazi hiyo ikifanyika ni Notorious, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1946 iliyoandikwa na Ben Hecht. Alicia Huberman, anayechezwa na Ingrid Bergman, ni binti wa Mjerumani aliyehukumiwa kwa usaliti nchini Marekani. Serikali ya Marekani inamtuma Rio de Janeiro akawapeleleze Wajerumani waliojificha huko, na kazi hiyo inamfikisha hadi kuolewa na mmoja wao, Alexander Sebastian, anayechezwa na Claude Rains. Anayempenda kwa kweli ni Devlin, afisa wa ujasusi anayemsimamia, anayechezwa na Cary Grant. Katika nyumba ya Sebastian kuna chumba cha chini cha kuhifadhia mvinyo, na ufunguo wake anao Sebastian peke yake. Alicia anatakiwa kuuiba usiku wa karamu na kumpa Devlin. Basi. Hakuna mabomu, hakuna kukimbizana kwa magari. Hadithi nzima inabebwa na kitu kinachoweza kufichwa katika kiganja cha mkono.

Tazama wizi wenyewe unavyopangwa. Sebastian yuko bafuni akijiandaa, kivuli chake kinaonekana mlangoni na sauti yake inasikika. Alicia anauchomoa ufunguo kwenye mkufu ulio juu ya meza. Sebastian anatoka na kumshika mikono yote miwili, anaomba radhi kwa wivu wake, anakifungua kiganja kimoja na kukibusu. Kiganja cha pili ndicho chenye ufunguo. Kabla hajakifikia, Alicia anamrukia shingoni kwa kumkumbatia, ufunguo unadondoka juu ya zulia nyuma ya mumewe, naye anausukuma kwa mguu hadi chini ya meza. Hesabu mafungu ya habari katika onyesho hili fupi. Sebastian anajua tu kwamba anampenda mke wake na kwamba amemkosea. Alicia anajua alichoshika. Sisi tunajua vyote viwili, na tena tunajua kwamba kila tendo la mapenzi la mume linamsogeza kwenye ukweli utakaomuua mkewe. Busu linageuka kuwa tishio bila mtu yeyote kupandisha sauti. Laiti tungefichwa ufunguo, tungeona mume na mke wakikumbatiana, nasi tungesubiri onyesho linalofuata.

Karamu inapoanza, kamera inasimama juu kabisa ukumbini, inaonesha wageni wote, taa zote na sakafu pana, kisha inashuka taratibu bila kukatwa picha mpaka inafika kwenye mkono wa Alicia na kuuonesha ufunguo ulio ndani yake. Mwendo huo husifiwa kwa ustadi wake, na unastahili, lakini sifa yake kubwa ni kwamba unatamka hoja. Unatuambia kwamba katika ukumbi huu wenye watu wengi, jambo la maana ni hili dogo, na hakuna hata mmoja kati yao anayelijua. Kisha Hitchcock anatafuta saa, na saa yake ni chupa. Alicia na Devlin wanatambua kwamba shampeni iliyowekwa kwenye barafu ikiisha, mhudumu mkuu atamfuata Sebastian ili washuke pamoja kuongeza, na hapo ufunguo utatafutwa. Tangu dakika hiyo kila mgeni anayenyanyua glasi anapunguza muda wao. Kamera inarudi mara kwa mara kwenye chupa zinazopungua. Hata Hitchcock, aliyekuwa na desturi ya kujitokeza kwa nukta chache katika filamu zake, hapa anatokea akinywa glasi ya shampeni na kuondoka. Saa ya ukutani ingetaja dakika tu. Hizi chupa zinamfanya kila mtu ukumbini awe mshirika wa hatari asiyoijua, na hiyo ndiyo sababu zinafanya kazi kuliko saa.

Chini kule Devlin anaiangusha chupa kwa bahati mbaya, na badala ya mvinyo unamwagika mchanga wa madini, ambayo baadaye yanajulikana kuwa ni urani. Sebastian anapotokea na kuwaona, Devlin anambusu Alicia makusudi ili mume aamini amefumania mapenzi, asihisi upelelezi. Sebastian sasa amepata fungu jipya la habari, la kweli kwa sehemu na la kupotosha kwa sehemu. Muda si mrefu anagundua ufunguo haupo, asubuhi anaukuta umerudi, anashuka na kukuta mabaki ya chupa iliyovunjika. Hapo mizani inapinduka. Nusu ya kwanza mke alijua na mume hakujua. Sasa mume anajua, na mke hajui kwamba mumewe anajua. Alicia anapoanza kutiliwa sumu kidogo kidogo kwenye kahawa, kikombe kinawekwa karibu sana na kamera mpaka kinachukua sehemu kubwa ya picha, huku yeye akionekana nyuma yake akizungumza kwa utulivu. Mbinu ni ile ile ya ufunguo: kitu cha nyumbani kinakuzwa kwa sababu fungu letu la habari limekikuza.

Mwisho wa filamu ndio ushahidi mkubwa zaidi. Devlin anamkuta Alicia kitandani akiwa hoi, anamwinua na kuanza kushuka naye ngazi. Chini wamesimama Wajerumani wenzake Sebastian, watu waliokwisha kumuua mwenzao kwa kosa dogo. Sebastian anaweza kupiga kelele na kuwazuia, lakini akifanya hivyo wenzake watajua kwamba alioa mpelelezi, naye atakufa. Kwa hiyo watu wanne, yaani Devlin, Alicia, Sebastian na mama yake, wanashuka ngazi hatua kwa hatua wakiigiza mbele ya waliopo chini kwamba mgonjwa anapelekwa hospitali. Hakuna anayetoa silaha. Silaha ni kile ambacho kundi la chini halijakijua. Devlin anaufunga mlango wa gari na kumwacha Sebastian nje, na mmoja wa wenzake anamwita arudi ndani wazungumze. Tunaelewa maana ya mwito huo kwa sababu ndiyo kwanza mafungu yameanza kulingana: wale wa mwisho kutojua sasa wanaelekea kujua. Filamu inakwisha hapo hapo, maana tofauti iliyokuwa ikiiendesha imekwisha.

Ukiishika kanuni hii, kanuni nyingine zinajieleza zenyewe. Mtu asiye na hatia anayesakwa hatuogopeshi kwa sababu tu anakimbia. Katika North by Northwest ya mwaka 1959, Roger Thornhill anadhaniwa kuwa jasusi aitwaye George Kaplan, naye anahangaika mji hadi mji kumtafuta huyo Kaplan ili ajisafishe. Mapema kabisa filamu inatupeleka katika ofisi ya wakuu wa ujasusi Washington na kutufahamisha kwamba Kaplan hayupo. Ni jina lililobuniwa kuwahadaa maadui. Toka hapo kila juhudi ya Thornhill inatuuma, kwa kuwa tunajua anakitafuta kivuli. Hata kile kitu kinachogombaniwa, ambacho Hitchcock alikiita MacGuffin na kusisitiza kwamba chenyewe hakina uzito, kinaeleweka hivyo hivyo. Urani ya kwenye chupa ingeweza kuwa almasi au nyaraka. Kazi yake ni kuwapa watu sababu ya kufichana.

Pingamizi la kwanza ni zito. Wengi watasema filamu wanazozikumbuka zaidi ni zile zilizowaficha, si zilizowaambia. Mitaani husemwa steringi hafi, na Psycho ya mwaka 1960 ilikuwa mshtuko kwa kumuua mhusika wake mkuu, Marion Crane, bafuni kabla filamu haijafika nusu. Nakubali kwamba mshtuko upo na una nguvu. Lakini angalia unavyotumika. Baada ya mauaji, mwenye moteli Norman Bates anasafisha chumba na kulisukuma gari la Marion kwenye kinamasi. Gari linazama, kisha linasimama likiwa nusu. Katika nukta hizo watazamaji hujikuta wakitamani lizame, wamehamia upande wa mficha maiti, kwa sababu tu wanajua anachokificha. Mshtuko ulidumu chini ya dakika. Taharuki inabeba filamu iliyobaki. Ndivyo ilivyo pia katika The Silence of the Lambs ya Jonathan Demme, ya mwaka 1991. Uhariri unatuaminisha kwamba askari wa FBI wamezingira nyumba ya muuaji, kengele inalia ndani, mlango unafunguliwa, na aliye nje ni mwanafunzi wa FBI Clarice Starling, peke yake, katika mji mwingine kabisa. Tumehadaiwa, ni kweli. Ila thamani ya hadaa ile ni kwamba ghafla sisi tunajua amesimama mbele ya nani, wakati yeye anaomba tu kuuliza maswali machache. Mshtuko umetumika kama njia ya kutugawia fungu jipya.

Na pale ambapo Hitchcock alilazimika kuchagua kati ya mawili hayo, filamu yake ilielekea upande wa taharuki. Vertigo ya mwaka 1958 imetokana na riwaya ya Wafaransa Pierre Boileau na Thomas Narcejac, ambayo inaihifadhi siri ya mwanamke aliyejifanya mtu mwingine, ambaye sasa ni marehemu, mpaka mwishoni. Filamu inaifichua mapema zaidi: Judy, ndiye mwanamke huyo, anakumbuka yaliyotokea, anaandika barua ya kukiri, kisha anaichana. Mwanamume anayempenda hajui lolote. Tangu hapo kila anapomlazimisha avae na atengeneze nywele kama marehemu, sisi tunaona mateso ya mtu anayejua na upofu wa mtu asiyejua katika picha moja. Siri ingehifadhiwa, tungekuwa na mshangao mmoja wa mwisho. Kwa kuitoa, Hitchcock alipata sehemu nzima ya mwisho ya filamu yenye uchungu, na kila vazi linalobadilishwa lina maana mbili.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: zipo filamu zinazomfungia mtazamaji ndani ya macho ya mhusika mmoja, asijue zaidi yake. Rear Window ya mwaka 1954 ndiyo inayotajwa sana. Mpiga picha Jefferies, mguu wake ukiwa kwenye plasta, anachungulia majirani kutoka dirishani, nasi karibu muda wote tunaona anachoona yeye. Lakini neno karibu lisipuuzwe. Usiku mmoja Jefferies amelala, na kamera inatuonesha jirani yake Thorwald akitoka na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Jefferies anapoamka anaendelea kuamini kwamba mke wa Thorwald ameuawa, nasi tumeshapata sababu ya kumtilia shaka. Baadaye Lisa, mpenzi wa Jefferies, anaingia katika nyumba ya Thorwald, na Jefferies anamwona mwenye nyumba akirudi. Sasa yeye mwenyewe amekuwa katika hali ya mtazamaji: anajua, anaona, hana uwezo wa kumfikishia Lisa anachokiona. Filamu haikuikwepa kanuni. Ilimkalisha shujaa wake kwenye kiti chetu.

La tatu ni swali la haki kabisa: ikiwa taharuki ni kujua na kutojua, kwa nini mtu huiogopa filamu aliyoitazama mara tano? Na kwa nini anahofu wakati anajua steringi hafi? Jibu ni kwamba taharuki haitegemei ujinga wetu, inategemea ujinga wa wahusika, na huo haupungui hata tukiirudia filamu mara mia. Sebastian hataujua ufunguo kesho kwa sababu sisi tuliuona jana. Wanaojaza vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, kutazama filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mabingwa kama Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya wanathibitisha jambo hilo. Msimulizi anazungumza juu ya sauti ya filamu, anawatambulisha watu, anawasema, anawaonya, na watazamaji hawaondoki. Wanakaa kwa sababu onyo lile linawafikia wao tu, na kamwe halimfikii anayehitaji kulisikia.

Kanuni hii nayo ina mpaka wake, na Hitchcock mwenyewe aliugusa. Katika Sabotage ya mwaka 1936, mvulana anatumwa kubeba kifurushi kuvuka London bila kujua kina bomu litakalolipuka saa 7:45 mchana. Anacheleweshwa na mchuuzi wa mtaani, anacheleweshwa na gwaride, anapanda basi, nasi tunajua kila dakika inayopotea. Bomu linalipuka na mtoto anakufa. Miaka mingi baadaye Hitchcock alikiri kwamba alikosea, kwa kuwa aliwajaza watazamaji wasiwasi kisha akawanyima ahueni. Wapo wanaoutetea mwisho ule kwa ujasiri wake, na hoja yao ina uzito katika filamu inayotaka kuonesha ukatili wa ugaidi. Lakini somo la ufundi linabaki: mtazamaji akipewa fungu kubwa la habari amebebeshwa pia mzigo, na mwongozaji anawajibika kwake. Siri aliyopewa lazima izae kitu zaidi ya kumwadhibu kwa kuijua.

Haya yanawahusu moja kwa moja wanaotengeneza filamu kwa Kiswahili. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, ilionesha njia. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku anayoingia mjini, anaishia katika genge la wezi wa vipuri na magari huku akipata nafasi jukwaani. Watu wa jukwaani hawajui usiku wake unapita wapi. Sisi tunajua, na kila zoezi la mchezo linakuwa na hatari ambayo wenzake hawaioni. Nguvu hiyo haikununuliwa kwa milipuko. Kilio cha kila siku cha watayarishaji wetu ni bajeti, na ni kilio cha kweli, lakini taharuki ndiyo aina ya filamu isiyodai fedha nyingi kama inavyodhaniwa. Inadai skripti iliyopimwa. Kabla ya kukodi gari la kulipua au kuongeza ngoma kwenye muziki wa nyuma, mwandishi achukue karatasi, aandike majina ya wahusika na la mtazamaji, na mbele ya kila jina aandike anachojua mwanzo wa onyesho na anachojua mwisho wake. Onyesho ambalo majina yote yana jibu moja tangu mwanzo hadi mwisho halina taharuki hata likipigwa picha gizani. Na onyesho ambalo mtu mmoja tu hajui kile ambacho wengine wanakijua linaweza kupigwa sebuleni, mchana, mezani pa chakula, na likamshika mtazamaji mpaka sahani zitolewe.